Kuandika Maisha ya Wazee wa Nyanda za Kanada: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila mwaka naletewa kurasa za namna hii nizipitie: "Alizaliwa mwaka 1934. Aliolewa mwaka 1955. Alijaliwa watoto 4. Alipenda bustani, kanisa na wajukuu." Aliyeandika ni Mswahili mwenzangu, mara nyingi mfanyakazi wa nyumba ya wazee huku Saskatchewan au Manitoba, na amekaa na bibi huyo jioni tatu nzima kwa moyo mweupe. Lakini kurasa hizo ni za bibi yeyote kati ya Winnipeg na milima ya Rocky. Badilisha jina, hakuna atakayeshtuka.

Wengine huanguka upande wa pili. Wanarekodi saa 11 za mazungumzo, wanayaacha kwenye simu, simu inadondoka kwenye theluji ya maegesho, basi.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya makundi yote mawili. Unahusu vijiji vya wakulima wa ngano na ng'ombe, mahali ambapo mji mzima una watu 300, rinki moja ya barafu na makaburi yaliyojaa kuliko shule. Mbinu zenyewe zitakufaa hata ukienda kumwandika babu yako Singida au Eldoret, ila mifano yote ni ya huku.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Vifaa viwili vya kurekodia. Simu yako inatosha kuwa cha kwanza. Cha pili kiwe chochote, hata simu ya zamani. Nunua na maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Sauti ya mtu wa miaka 90 ni nyepesi, na simu iliyolala mezani hunasa friji kuliko mzee.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino iliyolala garini usiku wa Januari haiandiki. Penseli haina habari na baridi.
- Ramani ya manispaa ya vijijini. Ofisi ya manispaa huuza ramani inayoonyesha kila kipande cha ardhi na mwenye nacho. Ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote, na ndicho watu wanachokisahau.
- Kitabu cha historia ya eneo. Mwaka 1980, Saskatchewan na Alberta zilipotimiza miaka 75 tangu ziwe majimbo, jamii nyingi za vijijini zilichapisha vitabu vinene vya familia zao. Tafuta maktaba, au kwenye maduka ya mitumba.
- Fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja. Nitaieleza hapo chini.
- Betri za kifaa cha kusikia. Uliza familia anatumia za ukubwa gani, uwe nazo mfukoni. Mahojiano mengi yaliyoitwa "mzee hakumbuki" yalikuwa ni mzee hasikii.
- Kitu cha kula. Hatuendi kwa watu mikono mitupu. Ulizia kwanza kuhusu kisukari. Mimi hupeleka mandazi. Bibi mmoja wa Kimenoni (dhehebu la Kikristo) aliuma andazi langu, akatafuna kimyakimya, kisha akasema hii ni rollkuchen, hiki ndicho mama alichotukaangia msimu wa matikiti. Nilikuwa sijauliza swali hata moja.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa kwa mlango unaostahili

Kama umeajiriwa kwenye nyumba ya wazee, elewa hili kabla ya yote: ulichosikia ukiwa kazini, ukimwogesha au ukimlisha mzee, si mali yako. Saskatchewan ina sheria inayolinda taarifa za afya za watu, inayojulikana kwa kifupi kama HIPA, na majimbo jirani yana zao. Usianze na ulichokinasa kwenye zamu. Anza upya.

Andika barua kwa msimamizi. Zungumza na familia. Kisha zungumza na mzee mwenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza: tukishapata ruhusa ya mtoto wa kwanza wa kiume tunaona kazi imekwisha. Kwa huku bado. Mzee mwenye akili zake timamu ndiye anayeamua, na anaweza kukataa hata kama watoto wote sita wamekubali. Kama kumbukumbu zimemtoka na kuna mtu aliyepewa mamlaka ya kisheria ya kumwamulia, mtafute huyo.

Njoo siku usiyo na zamu, umevaa nguo zako za nyumbani. Ukiwa na sare, mzee anamwona mfanyakazi, na mfanyakazi huambiwa "sijambo, mpenzi, asante". Huo ndio utakuwa mwisho wa habari.

Fomu iwe na maswali matatu tu: Naweza kurekodi sauti? Nani aruhusiwe kusikia? Naweza kuchapa, na ikiwa ndiyo, kwa jina lako halisi au la? Muhimu iwe na nafasi ya kusema "hapana" kwa lolote kati ya hayo.

Tahadhari. Ukienda kwa mzee wa Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili wa Kanada, au wa Kimetis, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji hao na Wazungu, utaratibu ni mwingine. Kwa Wakrii, moja ya mataifa hayo, na jirani zao wengi, anayeomba maarifa kwa mzee humpelekea tumbaku kabla ya kuuliza. Muulize ndugu yake desturi ya pale ikoje. Wazee hawa wengi walichukuliwa utotoni wakapelekwa shule za bweni za lazima, mbali na wazazi na lugha yao. Ya mwisho Saskatchewan ilifungwa mwaka 1996. Usilete habari hiyo wewe. Akiileta mwenyewe, zima kinasa sauti, muulize kama anataka kiwashwe tena. Na simulizi hiyo ni ya kwake na ya jamii yake, wala haiwi yako kwa sababu simu ni yako.

*Umefaulu* pale mzee anapokuuliza utakuja lini, badala ya wewe kumuuliza.

## Hatua ya 2: Ijue ardhi kabla hujamjua mtu

Mkulima wa nyanda hizi hasimulii maisha kwa miaka. Anasimulia kwa vipande vya ardhi. "Hiyo ilikuwa tukiwa kwenye robo ya mashariki." Usipojua robo ni nini utaitikia kwa kichwa kama mjusi, na yeye ataona.

Ardhi yote ilipimwa kwa miraba. Mraba mmoja wa maili moja kwa maili moja unaitwa seksheni, nao una ekari 640. Igawe kwa nne unapata robo, ekari 160. Sheria ya mwaka 1872 ilimruhusu mlowezi kujiandikisha robo moja kwa ada ya dola 10, aipate kabisa baada ya kukaa miaka 3, kujenga nyumba na kulima sehemu iliyowekwa. Familia nyingi utakazokutana nazo zilianzia hapo.

Anwani ya robo huandikwa hivi: NW 22-14-9-W2. Isome kuanzia kushoto. Ni robo ya kaskazini-magharibi, ya seksheni ya 22, katika tauniship ya 14, renji (safu ya tauniship) ya 9, magharibi mwa meridiani ya pili, mstari wa kaskazini-kusini ambako renji huanzia kuhesabiwa. Tauniship moja ina seksheni 36. Tauniship huhesabiwa kutoka mpaka wa Marekani kwenda kaskazini, na kila moja ina maili 6, kwa hiyo hiyo ya 14 iko kama maili 80 juu ya mpaka. Seksheni namba 1 iko kona ya kusini-mashariki. Namba zinakwenda magharibi mpaka 6, zinapanda mstari, zinarudi mashariki, kama ng'ombe wa plau wanavyogeuka mwisho wa shamba.

Fanya zoezi hili usiku mmoja kabla ya kwenda: weka kidole kwenye robo aliyozaliwa, kisha shule, kanisa, na mahali palipokuwa na ghala refu la nafaka kando ya reli. Nenda ukapaone kwa gari ikiwezekana. Mara nyingi hutakuta nyumba. Utakuta mstari wa miti iliyopandwa kukinga upepo, na katikati yake hakuna kitu. Piga picha, mpelekee.

Kuna jambo lingine ramani itakufundisha kuhusu sisi wenyewe. Usidhani uso wako ndio uso mweusi wa kwanza kuonekana kwenye mashamba haya. Miaka ya 1910, familia za Weusi kutoka Oklahoma zilifungua mashamba Amber Valley, Alberta, na karibu na Maidstone, Saskatchewan. Mwaka 1911 serikali ya Kanada ilifikia hatua ya kupitisha amri ya kuwazuia Weusi wasiingie, ingawa haikutekelezwa. Wazee wengine waliwahi kusikia habari za majirani hao kutoka kwa wazazi wao. Uliza.

*Umefaulu* pale anaposema "maili moja kusini mwa shule" na kidole chako kikafika chenyewe.

## Hatua ya 3: Jifunze maneno yao, hata kama Kiingereza unakijua

Mwaka wangu wa kwanza huku mzee mmoja aliniambia nije Jumamosi baada ya dinner. Nilifika saa 2 usiku, nimependeza, keki mkononi. Alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia. Alikuwa amenisubiri tangu saa 7 mchana, na vikombe viwili bado vilikuwa mezani. Kwa mkulima wa huku, dinner ni chakula cha mchana. Cha jioni ni supper. Nilikula aibu yangu, nikarudi wiki iliyofuata.

Maneno mengine yanayowapoteza watu wetu: *bluff* kwenye kamusi ni jabali, lakini huku ni kichaka cha miti katikati ya shamba. Mwenzangu mmoja aliandika kwamba baba wa mzee "alianguka kutoka jabalini" kwenye uwanda usio na kilima hata kimoja. Kumbe alianguka kutoka kwa farasi karibu na kichaka. *Slough*, linalotamkwa "slu", ni dimbwi la asili. *Dugout* ni lambo la kuchimbwa. *Summerfallow* ni shamba lililopumzishwa mwaka mmoja ili lihifadhi unyevu.

Na *coffee row*? Kwa Kiswahili safi ni kijiwe. Ni ile meza ya wanaume wazee kwenye mgahawa au rinki, kila asubuhi, wakibishana kuhusu mvua na bei ya kanola, zao la mbegu za mafuta. Nenda ukae hapo siku mbili tatu bila daftari. Utajua nani anakumbuka nini, na nani hasemeshani na nani tangu mnada wa shamba.

Kuhusu kuitana: kwetu humwiti mtu wa miaka 90 kwa jina lake la kwanza. Huku ukimwita Mister mara tatu atakuomba uache, maana anahisi unamsukuma mbali. Muulize tu angependa umwite nani. Heshima yako ataiona kwenye kuinuka anapoingia na kutomkatiza anapoongea.

## Hatua ya 4: Chagua wakati

Usiende Mei, wakati wa kupanda, wala kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, wakati wa mavuno. Utasema mzee ana miaka 88 na amestaafu. Mwili umestaafu. Macho yako dirishani, na mwanawe akipita atamchukua apande naye kombaini, mashine ya kuvunia. Novemba mpaka Machi ndiyo miezi yako, ila angalia hali ya hewa kabla ya kutoka, na gari liwe na blanketi, mshumaa na koleo.

Saa 4 asubuhi ni bora kuliko alasiri. Kaa dakika 45, usizidi saa moja, hata kama anaendelea. Zima runinga, funga mlango, mkae yeye akiipa mgongo nuru ya dirisha nawe ukiielekea, ili aone midomo yako.

## Hatua ya 5: Uliza siku, usiulize maisha

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakawia.

Ukimwambia mzee "nieleze maisha yako", unamtwisha gunia la miaka 90 alibebe mara moja. Atafanya ambacho kila mtu angefanya: atakupa tarehe na majina. Ndiyo zile kurasa zinazoletwa kwangu. Lakini ukimuuliza habari ya siku moja, kitu kimoja, mahali pamoja alipokuwa amesimama, anaona. Na akishaona, huna kazi tena ila kusikiliza.

Haya ni maswali yaliyonifaa, na sababu zake.

"Siku umeme ulipoingia kwenu, ulikuwa umesimama wapi?" Saskatchewan ilipitisha sheria ya umeme wa vijijini mwaka 1949, na nguzo zikasambaa mashambani miaka ya 1950. Kwa hiyo wengi wanaokaribia miaka 90 waliuona ukiingia wakiwa na akili zao. Bibi mmoja aliniambia baba yake aliwasha balbu ya jikoni, wote wakapiga makofi, na mama yake akaenda kuchota maji akaanza kufuta kuta. Taa ya mafuta ilikuwa imemficha masizi miaka yote hiyo. "Alisugua hadi saa sita usiku," alisema, "kwa sababu sasa angeweza."

"Simu yenu ililia vipi?" Nyumba nyingi zilishiriki laini moja, kila nyumba na mlio wake: labda mirefu miwili na mfupi mmoja. Wanakumbuka mlio huo mpaka leo, na watakuigizia kwa mdomo. Halafu muulize nani alikuwa akisikiliza simu za wenzake. Hapo kijiji kizima kitaingia chumbani.

"Chakula cha shule ulibeba kwenye nini?" Shule ilikuwa chumba kimoja, mwalimu mmoja, jiko moja, na banda la farasi nyuma. Wengi walibeba mkate kwenye kopo tupu la shira. Usiulize kama shule ilikuwa nzuri. Uliza nani aliwasha jiko, na nani aliketi mbali nalo.

"Pesa ya malai ilikuwa ya nani?" Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote, na sisi tuna bahati ya kulielewa. Wanawake wa mashamba haya walitenganisha malai, yaani mafuta ya juu ya maziwa, wakapeleka madumu yake stesheni, na treni ikayafikisha kwenye kiwanda cha siagi. Hundi iliporudi ilinunua sukari, viatu na vitabu. Ngano ilikuwa ya bwana na ya benki. Malai yalikuwa ya mama. Kwa anayetoka sehemu za Kenya ambako maziwa ya asubuhi ni ya baba na ya jioni ni ya mama, hakuna cha kuelezwa. Mwambie mzee habari hiyo. Ataketi vizuri.

"Kikosi cha kupura kilipokuja, mlilisha watu wangapi, na mara ngapi kwa siku?" Muulize mwanamke. Wanaume watakueleza mashine.

Baada ya swali, nyamaza. Akinyamaza naye, hesabu kimoyomoyo hadi 7. Kimya cha mtu mzima ni safari, yuko njiani anarudi. Na jizuie na "pole". Kwetu mtu akitaja msiba, "pole sana" hutoka yenyewe kabla hajamaliza. Kwake neno hilo la huruma ni kama mlango uliofungwa: atakushukuru, atabadili habari. Inamisha kichwa tu, msubiri amalize, pole itakuja mwisho.

Akikuuliza wewe unatoka wapi, jibu, tena kwa kirefu. Mwambie bibi yako alipika kwenye nini. Asiyetoa hapewi.

Tahadhari. Yapo mambo utayakuta bila kuyatafuta. Mtoto aliyefia kwenye mashine ya nafaka. Shamba lililonadiwa miaka ya 1980, baada ya riba kupita asilimia 20 mwaka 1981, na baba aliyeingia ghalani asitoke. Usichimbe. Akilitaja, mwache alitaje kwa kadiri yake, na kabla hujaondoka hakikisha mmezungumza kitu kingine chepesi. Usimwache peke yake chumbani na jambo hilo. Mwambie nesi au familia kwamba leo amekumbuka mazito. Yaliyosemwa yabaki yake.

Kama kumbukumbu zimepungua, futa kabisa neno "unakumbuka?" Kwake ni mtihani. Mpe kitu mkononi: suke la ngano, kipande cha ngozi ya hatamu, unga wa kukanda. Nimeona mikono ya mwanamke asiyejua majina ya watoto wake ikifinya kingo za vareniki, vipande vya unga vinavyojazwa na kuchemshwa, moja baada ya nyingine, sawasawa kabisa. Andika alichofanya kwa mikono. Hayo pia ni maisha yake.

*Umefaulu* pale anapotumia wakati uliopo. "Naingia, mama yuko pale karibu na jiko..."

## Hatua ya 6: Picha

Usibandue picha kwenye albamu ya zamani, zitachanika. Ipige picha kwa simu karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, ukiwa umesimama juu yake moja kwa moja. Majina yaandike kuanzia kushoto kwenda kulia, kwenye daftari, na namba ya picha. Kama picha iko huru, andika nyuma pembeni kwa penseli laini; wino hupenya.

Kisha uliza: nani alikuwa ameshika kamera? Huyo hayuko kwenye picha hata moja, na mara nyingi ndiye aliyeishikilia familia.

## Hatua ya 7: Hakiki bila kumdhalilisha

Linganisha ulichosikia na kitabu cha eneo, mawe ya makaburi, na sensa. Sensa ya Kanada ya mwaka 1931 ilifunguliwa kwa umma mwaka 2023, na ipo ile ya mwaka 1926 ya majimbo ya nyanda peke yake. Mafaili ya walowezi waliojiandikisha robo yako kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo.

Utakuta kutopatana. Mzee aliyezaliwa 1938 atakuambia alikuwa na miaka 5 wakati wa tufani kuu ya theluji ya mwaka 1947, ile iliyozika treni. Hesabu inakataa. Usimwambie amekosea, muulize theluji ilifika wapi kwenye banda, na nani alikuwa amezaliwa tayari. Ama itakuwa tufani nyingine, ama alikuwa mkubwa kuliko anavyojiona kwenye kumbukumbu. Ukishindwa kuamua, andika "anavyokumbuka yeye" uendelee. Ukitaka tarehe peke yake, hizo makaburini ziko tayari.

Wazazi wake pia watatajwa, hasa ukame wa miaka ya 1930. Tarehe 5 Julai 1937, kijiji cha Yellow Grass, Saskatchewan, kilifika nyuzi 45 za Selsiasi, na rekodi hiyo ya Kanada haikuvunjwa hadi mwaka 2021. Takwimu kama hiyo iweke mstari mmoja tu, itumikie hadithi yake. Isije ikawa somo la hali ya hewa.

## Hatua ya 8: Kuandika

Sikiliza rekodi usiku huohuo, au kesho yake. Ukingoja wiki, sauti ipo lakini uso umesahaulika, na nusu ya maana ilikuwa usoni. Hamisha faili sehemu mbili kabla ya kulala. Ipe jina linaloeleweka: mwaka, mwezi, siku, jina.

Andika kwa lugha aliyosemea. Nakala ya Kiswahili ni yako na ya watoto wako, nayo iandike, ila isiwe badala. Chagua matukio matatu tu kati ya yote aliyosimulia. Maneno 800 hadi 1,200 yanatosha. Anza na kitu, usianze na kuzaliwa.

Huu ni mstari ulioletwa kwangu:

"Bibi alikulia katika shida lakini familia yao ilipendana sana."

Nilimrudisha mwandishi akaulize walifikaje shule wakati wa baridi. Alirudi na hii:

"Asubuhi za Januari baba alipasha mawe mawili juu ya jiko, akayafunga kwa gunia, akayaweka chini ya miguu ya watoto kwenye sleji, gari la kuteleza juu ya theluji. Shule ilikuwa maili 2 na nusu. Jiwe kubwa lilikuwa la Bibi kwa kuwa ndiye mdogo kati ya waliokwenda shule, hadi alipofika miaka 9, mdogo wake alipoanza shule na kulirithi."

Shida ipo humo, na upendo upo. Hakuna aliyeutaja.

Tahadhari. Usimpambe. Akisema alimchukia mama mkwe wake miaka 30, na ameruhusu kuandikwa, liache. Na ukiona sentensi inayofaa kwenye kadi ya rambirambi, ifute.

## Hatua ya 9: Mrudishie angali hai

Chapa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 18, nafasi pana pembeni. Mpelekee penseli. Msomee kwa sauti, polepole, mtu wake mmoja akiwepo. Kazi zinazoletwa baada ya mazishi zina makosa ambayo hakuna tena wa kuyasahihisha.

Atakata kitu. Mwache akate, usimwombe sababu. Mzee wa miaka 93 alinirudishia kurasa zangu 4 zikiwa na sahihisho moja. Nilikuwa nimeandika kwamba farasi wa kushoto alikuwa mweusi. Alifuta "mweusi", akaandika "kahawia iliyoiva", kisha pembeni, kwa mkono unaotetemeka, akachora mstari mwembamba wa baka jeupe lililokuwa kwenye paji lake la uso. Mchoro huo niliuchapa pamoja na maandishi.

Nakala ziwe tano: familia, maktaba ya kijiji, jumba dogo la makumbusho kama lipo, hifadhi ya nyaraka ya jimbo ikikubali kupokea, na yake mwenyewe. Hiyo ya kwake ifunge kwa plastiki ngumu isiyoshika kahawa, kwa sababu kesho asubuhi ataibeba kwenda nayo kijiweni.